Uliza Fundi: Mzunguko wa nne, pedali ikazama

SWALI: Fundi, habari za gereji? Nina miaka 28, naishi Ruiru, na nina Subaru Impreza STI ya mwaka 2003 niliyoinunua kwa mtu hapa nchini baada ya kuweka akiba miaka mitatu. Tuko watu saba wenye magari ya namna hii, na tumeanza kwenda uwanjani Athi River Jumapili mojamoja kuzungusha magari na kupimana muda. Mara ya kwanza nilienda na gari kama lilivyo. Mzunguko wa nne nilikanyaga breki, pedali ikazama hadi sakafuni, nikaishia kwenye nyasi. Sikugonga kitu. Sasa wenzangu wamegawanyika. Wengine wananiambia niweke turbo kubwa, egzosi ya inchi tatu na kupangiwa upya kompyuta ya injini. Wengine wanasema ninunue breki kubwa. Nina laki tatu. Nianzie wapi? Na ni kweli kwamba injini hizi hufia kwenye kona?
Mwenye STI, Ruiru

JIBU: Kijana wangu, pole kwa mshtuko, na nashukuru umeandika gari likiwa bado na sura yake. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimesimama palepale: mzunguko wa nne. Breki mbovu ingekukataa tangu getini. Hii ilikushikia wa kwanza, wa pili na wa tatu, halafu ikazama. Breki zako zilichemka. Neno hilo, kuchemka, naomba ulibebe kichwani unaposoma yaliyobaki, maana karibu kila kitu utakachonunua kwa hizo laki tatu kitakuwa cha kupigana na joto.

Nieleze. Gari lako na wewe ndani ni kama kilo 1,500. Ukitoka mwendo wa kilomita 160 kwa saa ukashuka hadi 60 kabla ya kona, nguvu yote ile lazima iende mahali, na sehemu yake kubwa inageuka joto kwenye diski na pedi. Nimepiga hesabu: ni joto linalotosha kuchemsha zaidi ya lita tatu za maji ya bomba. Sufuria ya chai ya nyumba nzima, kwa kukanyaga breki mara moja, kwa sekunde tatu au nne. Barabarani unakanyaga hivyo labda mara moja kwa mwezi, ng'ombe akikukatia njia. Uwanjani unakanyaga hivyo kona baada ya kona, na kabla sufuria ya kwanza haijapoa umeshateleka ya pili.

Halafu ongeza mahali tulipo. Mimi ni mzaliwa wa Kisauni, kazi nilifundishwa na mjomba wangu huko Mombasa, na nilipohamia Nairobi kitu cha kwanza kilichonishangaza kilikuwa maharagwe. Hayaivi. Ukienda Limuru ndiyo kabisa, jiko linawaka mchana kutwa. Huku juu hewa ni nyepesi, maji yanachemka mapema. Athi River iko mita 1,500 hivi juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 15. Hewa hiyohiyo ndiyo inayopita kwenye rejeta yako, kwenye intakula inayopoza hewa ya turbo na kwenye diski za breki, na kila inapopita inaondoka na joto kidogo kuliko ambalo ingebeba Mombasa. Turbo, ile feni inayosukumia injini hewa, nayo inalazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili isukume hewa ileile, na hewa inayotoka huko imepashwa moto zaidi. Kwa hiyo huyo anayesoma ushauri wa Wajapani au Waingereza na kuunakili neno kwa neno, anasahau kwamba gari lake linafanya kazi mlimani.

Tuanze na breki. Kama gari lako ni STI halisi, kalipa zako za mbele, zile zinazobana pedi kwenye diski, ni Brembo za pistoni nne, zimetoka nazo kiwandani. Usinunue breki kubwa. Ulizo nazo zinatosha kabisa kwa uwanja ule. Kilichokosekana ni mafuta na pedi.

Breki zikizidiwa na joto hukuaga kwa njia mbili, na ni muhimu uzijue kwa mguu wako. Ya kwanza ni hii iliyokupata: pedali inakuwa laini, inazama. Mafuta ya breki yamechemka ndani ya kalipa, yametoa mvuke, na mvuke hubanika kama puto. Ya pili pedali inabaki ngumu kama jiwe, unasukuma kwa mguu wote, na gari haliitikii. Hapo mafuta ni mazima, pedi ndizo zimevuka joto lake zikapoteza mshiko. Ukirudi kwenye maegesho ukaweza kusema ilikuwa ipi kati ya hizo mbili, umeshajua cha kununua, na hakuna mtu atakayekuuzia usichohitaji.

Mafuta ya breki hunywa maji kutoka hewani. Ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya, kwa kiwango cha chini kinachotakiwa, huchemka nyuzi 230. Yakishakunywa maji ya kutosha huweza kuchemka nyuzi 155 tu. DOT 3 ni 205 yakiwa mapya na 140 yakiwa yamechoka. DOT 5.1 ni 260 na 180. Yapo pia ya mashindano yanayovuka 300, na hayo ndiyo nataka utie, ila yanabadilishwa mara kwa mara. Usichanganye na DOT 5 yenyewe, bila hiyo nukta moja: hayo ni ya silikoni, ni kitu kingine, hayaingii kwenye gari lako. Sasa nikuulize: mafuta yaliyomo humo yalibadilishwa lini? Mtu aliyekuuzia alikuambia? Nakisia hapana. Nimefungua magari mengi ya namna hii ambayo rangi yamepigwa mara mbili, tairi mpya, stika za kila aina, na mafuta ya breki hayajaguswa tangu gari lishuke melini.

Kazi ya kuyabadilisha mnaiweza wenyewe, na nataka muifanye wenyewe. Mmoja anakaa kwenye usukani, mmoja analala chini na spana na mpira mwembamba wa kuona ndani, ncha moja kwenye nipoli ya kalipa, kile kiskrubu cha kutolea mafuta, nyingine imezama kwenye chupa yenye mafuta kidogo ya breki. Wa chini anasema "kanyaga", wa juu anakanyaga. "Shikilia." Anafungua nipoli robo mzunguko, mafuta yanatiririka, anafunga. "Achia." Msiachie kabla ya kufunga, hata mara moja, la sivyo mnavuta hewa na kuanza upya. Kalipa hizo zina nipoli mbili kila moja, ya ndani na ya nje. Wengi husahau ya ndani. Angalieni rangi kwenye mpira. Mwanzoni itakuwa ya strungi, tena iliyokaa. Mara nyingine utaona vijipovu vinapanda vimefuatana kama shanga. Endeleeni, mkiongeza juu kwenye kikopo kisikauke, mpaka mpira uwe na rangi hafifu kama mafuta mapya ya kupikia na povu liishe. Wekeni ndoo ya maji karibu, maana mafuta hayo yakidondokea bodi yanakula rangi.

Pedi chagua za uwanjani za kiwango cha kati, zile zinazofanya kazi kuanzia baridi ya kawaida. Zile kali kabisa za mashindano hazishiki zikiwa baridi. Uwanjani utazisifu, halafu saa kumi na mbili jioni uko Mombasa Road nyuma ya trela, unakanyaga, zinateleza. Ukitaka hizo kali, zifunge uwanjani na uzifungue uwanjani kabla ya kurudi. Ni kazi ya nusu saa kwa mtu aliyeizoea.

Sasa injini, na hapa nitakaa kidogo.

Ndiyo, hufia kwenye kona. Nilikuwa na Impreza yangu mwenyewe ya 1998, nyeupe, niliyoipenda kama mtu wa nyumbani. Mwaka 2014 nilikuwa uwanjani na wenzangu wanne. Kwenye kona moja ndefu, taa nyekundu ya mafuta ya injini ikapepesa. Sekunde moja, haikufika mbili. Nikasema ni waya. Mzunguko uliofuata ikapepesa palepale. Wa tatu nikasikia sauti, kitu kama kijiko kinagongwa kwenye sufuria tupu, kinaenda na kasi ya injini. Nikazima, tukaisukuma. Siku ya pili nikafungua sampu, lile sinia la mafuta chini ya injini, na mafuta yaliyotoka yalikuwa yanang'aa. Ukiyamwaga polepole juani unaona unga wa dhahabu unaogelea ndani yake. Beringi ya konrodi, ule mkono unaoshika pistoni, ya silinda ya nne ilikuwa imekwisha, imebaki jani la shaba.

Sababu yake ni umbo la injini yenyewe. Silinda zimelala, mbili kulia na mbili kushoto. Ukiwa kwenye kona ndefu kwa kasi, mafuta yanakimbilia upande mmoja, mengine yanapanda hadi kwenye kichwa cha injini na yanachelewa kurudi. Bomba linalovuta mafuta kutoka kwenye sampu linabaki linanyonya hewa. Beringi ikikosa mafuta kwa muda mfupi tu, hasa injini ikiwa inazunguka kwa kasi sana, hairudi tena kama ilivyokuwa. Tena bomba hilo la kiwandani lina udhaifu wake, hupasuka kwenye kiungo, na likipasuka linavuta hewa hata barabarani.

Na ile taa usiitegemee. Huwaka presha ikiwa karibu imekwisha kabisa, na mimi nililipa injini nzima kulijua hilo. Unachohitaji ni geji mbili, moja ya presha ya mafuta na moja ya joto lake, mbele ya macho yako. Kisha bomba imara la kuvutia mafuta na vizuizi vya bati ndani ya sampu vinavyoyazuia yasikimbie upande mmoja. Vitu hivyo vinauzwa vikiwa tayari kwa injini yako. Usikubali mtu akukatie bati la mabaki akakuchomelea ndani ya sampu, maana mchomeleo ukiachia huko chini kipande kinaenda kuziba bomba. Siku ya uwanja, kijiti cha kupimia kisome alama ya juu. Wengi huenda uwanjani kijiti kikisoma katikati kwa sababu barabarani kinatosha.

Baada ya kila siku ya uwanjani badilisha mafuta ya injini, na filta usiitupe. Ikate kwa kisu chake cha kukatia filta, usitumie msumeno kwa sababu utatia unga wa chuma mwenyewe na kujitisha bure. Toa ile karatasi yenye mikunjo, ikamue, itandaze juu ya karatasi nyeupe juani. Pitisha sumaku. Vinavyorukia sumaku ni chuma. Vinavyong'aa kama shaba au fedha na sumaku haivigusi, hivyo ndivyo vya beringi. Punje moja mbili hafifu si habari. Ukiona mng'ao umetapakaa, gari lisiwashwe tena. Nakuomba sana kwa hili. Gari la 2003 huwezi kuliagiza tena, sheria yetu ya miaka minane ilishafunga mlango huo zamani. Yaliyopo nchini ndiyo hayo yaliyopo, na kila injini inayokufa uwanjani inampeleka mwenyewe kutafuta ya mtumba ambayo hajui ilitendewa nini huko ilikotoka.

Turbo kubwa, basi? Kwa sasa hapana. Kompyuta ya injini yako ilipangwa Japani kwa petroli ya huko ya daraja la juu, yenye oktani, yaani uwezo wa kuvumilia isilipuke mapema, inayokaribia 100. Ya pampu zetu iko chini ya hapo. Ukiongeza presha ya turbo kwa petroli hii, katika hewa hii inayopashwa moto kuliko kawaida, mchanganyiko unalipuka ndani ya silinda kabla ya wakati wake. Injini inagonga, na kinachofuata ni pistoni kupasuka penye ringi. Hata egzosi wazi peke yake ina hatari: inapunguza kizuizi, turbo inapanda kuliko kompyuta inavyotarajia, na hakuna aliyeiambia iongeze petroli. Kama unataka kumlipa mtu wa kompyuta, mlipe aangalie kama ilivyo sasa inagonga au haigongi kwa mafuta yetu. Ikibidi airudishe nyuma kidogo. Utapoteza nguvu kiasi ambacho hutaweza hata kukihisi.

Najua hili linauma. Mapenzi yetu kwa Subaru yalitoka vumbini, tumesimama kandokando ya barabara tukiwa watoto. Patrick Njiru alitupa sababu ya kulishangilia jina hilo, kisha Colin McRae akashinda Safari na Impreza mwaka 1997, Richard Burns akarudia mwaka 2000. Tulichokiona kilikuwa nguvu na sauti. Hatukuona mafundi waliokuwa chini ya gari kila linaposimama.

Tairi. Hapa ndipo muda wako wa mzunguko ulipo, kuliko popote. Nunua seti moja nzuri, na kabla hujaagiza rimu kumbuka kwamba STI ya 2003 ina tundu tano za milimita 100. Zilizoanza 2005 ni 114.3, hazikuingii. Kisha nunua geji yako mwenyewe ya upepo. Pale petroli tumezoea kusema "weka thelathini na tano" tukaondoka. Uwanjani hizo 35 za asubuhi zinakuwa zaidi ya 40 baada ya mizunguko michache, na tairi inavimba katikati, inashika kwa ukanda mwembamba tu. Anza na 28 hivi asubuhi, ukirudi pima tairi zikiwa moto, punguza mpaka usome 35 au 36. Chukua chaki, ile ya shule, uchore mistari kwenye bega la kila tairi kabla ya kuingia. Ukitoka, angalia chaki imefutika mpaka wapi. Ikifutika mpaka ubavuni, tairi inalala, na upepo umepungua mno au magurudumu ya mbele yamesimama wima kupita kiasi. Subaru pua yake hukataa kuingia kona, na dawa yake ya bei nafuu ni kemba: mwambie mtu wa alaimenti akulazie magurudumu ya mbele kwa ndani, nyuzi mbili hadi mbili na nusu, kadiri bolti za shoku zitakavyoruhusu. Ile ile aliyokuwekea ya barabarani inakula ukingo wa nje wa tairi, ndani mpya.

Kwa mpangilio huo, mafuta na pedi za breki ndizo za kwanza, na sehemu ndogo tu ya hela yako itakuwa imeondoka. Za pili ni za sampu na geji. Za tatu tairi na alaimenti. Zitakazobaki nunulia petroli na kiingilio, uende mara tano au sita. Mtu aliyezunguka mara mia kwa gari la kawaida atamwacha aliyezunguka mara kumi kwa turbo kubwa, na nimeona hilo mara nyingi mno.

Kuhusu wenzako. Hao ndio utajiri wako mkubwa kuliko hizo laki tatu, na nasikitika mmekaa mnabishana mngeongeza nini. Anzisheni daftari. Kila gari ukurasa wake: tarehe, joto la mchana, upepo asubuhi na upepo moto, unene wa pedi kabla na baada, mafuta yalikuwa nyuzi ngapi, kijiti kilisoma nini. Kwa magari saba, baada ya Jumapili tatu mtakuwa na taarifa ambazo mimi mwenyewe sina. Mtajua pedi gani inadumu, nani mafuta yake yanapanda kuliko ya wenzake na kwa nini. Nunueni spana moja ya kupimia nguvu, ya pamoja, na nati za magurudumu zikazwe kwa namba ya kitabu cha gari kabla ya kila kuingia. Na wekeni sheria hii tangu sasa: yeyote kati yenu akisema gari fulani lisiingie, haliingii, hata kama ni yule mdogo kuliko wote, na hakuna kubishana pale pale. Siku ile taa yangu ilipopepesa mara ya pili nilipita mbele ya mwenzangu aliyekuwa amesimama ukutani. Alisikia mlio kabla yangu. Aliniambia baadaye kwamba aliona haya kunisimamisha kwa sababu mimi ndiye fundi.

Mizunguko yenyewe ipangeni: mmoja wa kupasha, mitatu ya kasi, mmoja wa kupoza, mkiwa polepole bila kugusa breki sana. Kisha nje. Ukiegesha usivute hendibreki diski zikiwa moto. Weka gia, tia kipande cha mbao chini ya gurudumu, fungua boneti, acha injini izunguke dakika chache kabla ya kuzima. Kifuniko cha rejeta kama hujui umri wake, badilisha. Ndicho kinachoshikilia presha maji yasichemke mapema, na bei yake ni kitu kidogo. Na soma karatasi za bima yako. Kwa kawaida bima ya gari haihusiki na mashindano wala majaribio ya kasi, kwa hiyo chochote kitakachotokea uwanjani ni cha mfuko wako.

SWALI: Fundi, shikamoo. Kaka yangu amenialika kuendesha gari lake kwenye siku ya uwanja mwezi ujao. Nina helmeti yangu ya pikipiki, nzuri, imefunika uso wote. Ananiambia haikubaliki. Ni kweli, au anataka ninunue tu?
Msomaji wa kike, Nakuru

JIBU: Marahaba, binti yangu. Kaka yako ana sababu. Ukiangalia ndani ya helmeti nzuri utakuta stika ya kiwango. Zile za taasisi ya Snell huwa na herufi: M ni ya pikipiki, SA ni ya magari. Zote mbili hupimwa kwa mapigo, lakini ya SA kitambaa na sponji yake ya ndani hupimwa pia kwa moto. Mtu wa pikipiki akianguka hutupwa mbali na chombo chake. Wewe umefungwa mkanda ndani ya gari lenye petroli. Ya SA hupimwa vilevile kwa mapigo ya kurudiarudia sehemu moja, kama kichwa kinapogonga nguzo ya chuma ndani ya gari.

Waulize waandaaji kwa simu wanakubali ipi, maana viwanja vingine kwa siku ya mazoezi huruhusu ya M. Kama ndiyo mara yako ya kwanza, azima ya kaka yako ikikukaa vizuri. Ikiwa inacheza kichwani, hapana. Usinunue ya mtumba ambayo hujui iliwahi kuanguka. Na zile za bodaboda zisizo na stika yoyote ndani zisiingie kwenye mazungumzo haya. Vaa nguo za pamba za mikono mirefu, viatu vyenye soli nyembamba ili uihisi pedali. Na huyo kaka yako mwambie akupe mizunguko miwili ukiwa umekaa kando yake kabla hujashika usukani.

SWALI: Fundi, nina Toyota Altezza RS200, gia za mkono, hapa Kisumu. Tunajiandaa kuja uwanjani na wenzangu wawili. Fundi wa hapa anasema tukate springi mizunguko miwili kila upande ili gari lishuke, na atafanya kesho. Nakuomba unijibu haraka.
Altezza ya kijivu

JIBU: Simamisha kazi hiyo, ndugu yangu. Gari lina mashine nzuri sana, ile 3S-GE inayopenda kuzungushwa kwa kasi, na magurudumu yote manne yameshikwa kwa mikono ya chuma miwiliwili, juu na chini. Mpangilio huo ndio unaolifanya liingie kona vizuri hivyo. Ukikata springi, kwanza ile ncha iliyokuwa bapa imeondoka, springi inakaa upande. Pili inakuwa ngumu zaidi huku shoku ni ileile ya zamani, haiwezi kuituliza, na nafasi yake ya kushuka imekwisha. Kila tuta inagonga mwisho. Tatu, gurudumu likining'inia springi inalegea na inaweza kuhama mahali pake. Na kama atakata kwa gesi, joto limeshaharibu ugumu wa chuma sehemu ile, itaendelea kuinama yenyewe. Siku za mwanzo gari litaonekana zuri likiwa limeegeshwa, hilo sikatai.

Gari lako lina miaka zaidi ya ishirini. Nina hakika kubwa kwamba bushi zake, ile mipira ya kwenye viungo vya mikono hiyo, zimekufa, na hicho ndicho unachokihisi kama ulegevu ukadhani ni urefu. Pandisha gari kwa jeki, ondoa gurudumu la mbele, ingiza mtaimbo kati ya mkono wa chini na bodi, sukuma polepole. Mpira ukifunguka mdomo au mkono ukicheza kabla ya kukaza, umeona. Badilisha bushi zote za mbele na nyuma, shoku nne mpya, springi za kiwandani zibaki, kisha alaimenti. Ukitaka lishuke baadaye nunua springi fupi zilizotengenezwa kwa Altezza pamoja na shoku zinazoendana nazo, kwa mkupuo mmoja. Mafuta ya breki umeshasoma hapo juu.

Piga picha za bushi hizo, nne za mbele, kwa karibu na kwa mwanga mzuri, unitumie kabla hujamlipa mtu chochote.